Kuagiza fimbo ya pool ya kutengenezewa: mwongozo wa uzito na balansi

Fimbo yangu ya kwanza ya kutengenezewa ilifika Kigoma kwa basi, imefichwa ndani ya bomba la plastiki la maji. Niliifungulia pale pale stendi. Nilipoishika tu, nikahisi mbele inaelea, kama jembe lililotoka kwenye mpini wake. Nyumbani niliipima: gramu 567, yaani aunsi 20 kamili. Ndizo nilizoagiza. Fundi hakuniibia hata gramu moja.

Kosa lilikuwa langu. Nilimtajia fundi namba moja tu, naye akaifikia kwa njia rahisi: akachimba nyuma ya fimbo na kusokomeza bolti nzito. Uzito nikaupata, lakini wote ulikuwa umelundikana mkiani. Tangu siku hiyo mtu akiniuliza fimbo ya aunsi ngapi ni nzuri, namjibu kwa swali: unataka aunsi hizo zikae wapi?

Tuelewane kwanza kwa majina. Kitako ni nusu ya nyuma, ile unayoishika. Shafti ni nusu ya mbele, nyembamba. Maungio ni pale nusu hizo mbili zinapofungwa kwa skrubu. Tipu ni kile kipande cha ngozi cha mbele kinachopakwa chaki. Na balansi ni mahali ambapo fimbo ikiwekwa juu ya kidole kimoja inalala bila kuangukia mbele wala nyuma. Balansi hupimwa kwa sentimita au inchi kutoka mwisho wa nyuma, kwenye ule mpira wa kukanyagia.

Hatua ya kwanza: ujue mpira unaoupiga

Watu huruka hatua hii, kisha wanaletewa fimbo nzuri ya mchezo mwingine. Meza za sarafu zilizojaa Mwanga na Ujiji si zote zina mipira sawa. Simamisha viberiti viwili, weka mpira mweupe katikati vibane, halafu pima nafasi iliyopo kwa rula. Mpira wa Kimarekani una milimita 57 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Mpira mdogo wa mtindo wa Kiingereza una milimita 51 hivi na hauzidi sana gramu 115, na mweupe wake mara nyingi ni mdogo zaidi, milimita 47 au 48.

Kwa mipira mikubwa, tipu ya milimita 12 hadi 13 ndiyo ya kawaida, na fimbo nyingi zina aunsi 18 hadi 21. Kwa mipira midogo watu huenda kwenye tipu ya milimita 8 hadi 10 na fimbo ya aunsi 17 hadi 19. Kanuni za shirikisho la dunia, WPA, zinaruhusu fimbo hadi aunsi 25 (gramu 708.75), urefu usiopungua inchi 40, na tipu isiyozidi milimita 14. Kwa hiyo sheria haikubani, mkono ndio utakaokubana.

Hatua ya pili: pima fimbo ambayo tayari unaipenda

Kila kilabu kina fimbo moja ambayo wachezaji wanaigombea. Iazime nusu saa asubuhi, wakati meza imelala. Unahitaji futi ya fundi cherehani, penseli ya duara, utepe wa karatasi ule wa mafundi rangi, na mizani.

Mizani ndiyo shida. Ile ya saa inayoning'inia Kibirizi kwenye dagaa haifai, maana gramu 20 kwake ni pumzi tu. Mimi nilikwenda kwa jirani yangu anayeoka keki za harusi, mwenye mizani ya dijitali ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Alinitazama nilivyolaza fimbo juu ya bakuli lake la unga, akauliza, "Hiyo nayo unaiweka hamira?" Sonara pia anayo mizani, ila nyingi za kwao ni ndogo, hazibebi nusu kilo. Fimbo ikiwa ya kufunguka, pima kila nusu peke yake na uandike namba zote mbili. Shafti ya mbao ya maple ya milimita 13 huwa kati ya gramu 100 na 120.

Sasa balansi. Weka penseli mezani, lalisha fimbo juu yake, isogeze hadi itulie, kisha bandika utepe hapo. Pima kutoka utepe hadi mwisho wa nyuma. Fimbo nyingi za urefu wa kawaida, inchi 58 au sentimita 147, hulala kati ya sentimita 45 na 50. Kama fimbo ina kipande cha kuongezea urefu nyuma, kiondoe kwanza, la sivyo utalinganisha vitu viwili tofauti.

Kipimo cha tatu karibu kila mtu anakisahau, nacho ni mkono wako unashika wapi. Inama kama unavyoinama siku zote na upeleke tipu hadi iguse mpira. Mwenzako atazame kwa ubavuni: mkono wako wa nyuma, kuanzia kiwiko hadi kiganja, uning'inie wima. Abandike utepe katikati ya kiganja. Tuseme ni sentimita 30 kutoka nyuma.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu uzito unaousikia ukiinama si ule wa mizani. Fimbo inalala juu ya mikono miwili kama mzigo wa mzegazega, na kila mkono unabeba fungu lake. Chukua fimbo ya gramu 540, balansi sentimita 47, kiganja kwenye 30, mkono wa mbele kwenye 122. Mkono wa mbele unabeba 540 mara 17 gawanya kwa 92, ambayo ni gramu 100 hivi. Sogeza balansi mbele sentimita tatu tu bila kuongeza uzito wowote, fungu hilo linafika gramu 117. Mtu atakuambia fimbo hii "ni nzito" na ile "ni nyepesi", kumbe mizani haioni tofauti.

Mtu mfupi anayeshika kwenye sentimita 36 na mrefu anayeshika kwenye 22 hawawezi kuagiza balansi moja. Ndiyo maana kunakili namba za bingwa fulani ni sawa na kuazima viatu vyake.

Hatua ya tatu: jaribu kwa risasi za wavu kabla ya kutoa hela

Hapa sisi wa ziwani tuna bahati. Nenda kwa wauza nyavu, nunua risasi ndogo zile zinazozamisha wavu. Zipime, uzifunge mafungu ya gramu 14 na gramu 28, yaani nusu aunsi na aunsi moja. Ziviringishe kwenye fimbo ya majaribio kwa utepe mweusi wa fundi umeme, zikaze zisicheze. Risasi ni sumu, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kushika chakula na usiwaachie watoto wazichezee.

Jaribu sehemu tatu, fungu moja la gramu 28 kila mara. Ukilifunga nyuma kabisa, sentimita 10 kutoka mwisho, fimbo inakuwa nzito na balansi inarudi nyuma. Ukilifunga pale pale penye balansi, uzito unaongezeka lakini balansi haisogei hata kidogo. Ukilifunga kwenye maungio, uzito unaongezeka na balansi inakwenda mbele. Wengi wakimaliza jaribio hili hugundua kwamba walichokuwa wakikiita uzito ni kile cha tatu.

Mwenzako ndiye afunge, na wewe usitazame. Azungushie utepe sehemu zote tatu hata pale pasipo na risasi, ili jicho lisikudanganye. Piga mapigo manne kwa kila mpangilio: mpira ulionyooka kutoka mwisho mmoja wa meza hadi mwingine, mara kumi, kurudisha mpira mweupe nyuma, pigo la polepole la kusukuma mpira usogee mkono mmoja tu, na pigo la kufungulia. Andika kila matokeo. Lile pigo la polepole ndilo linalosema ukweli. Kwenye pigo la nguvu kila fimbo ni nzuri.

Na kuhusu nguvu, niondoe imani moja ya vijiweni kwamba fimbo nzito inapiga zaidi. Tuseme mkono unakwenda kasi ile ile. Ukitoka gramu 510 hadi gramu 595, yaani aunsi tatu nzima, mpira mkubwa unaongeza mwendo chini ya asilimia nne. Na mkono haubaki na kasi ile ile, maana unasukuma mzigo mkubwa zaidi. Fimbo nzito inatuliza mkono wenye papara. Nyepesi inakubali kuharakishwa. Ni suala la kutulia, si la msuli.

Usiamue siku moja. Mimi siku ya kwanza nilipenda risasi za nyuma, wiki ya pili nikazichukia.

Hatua ya nne: hesabu kabla fundi hajachimba

Hesabu ni moja tu. Zidisha uzito wa fimbo kwa balansi yake, jumlisha na uzito unaouongeza mara umbali wake kutoka nyuma, halafu gawanya kwa uzito mpya.

Fimbo ya gramu 540 yenye balansi sentimita 47: ukiongeza gramu 28 kwenye sentimita 10, balansi mpya ni 45.2. Imerudi nyuma karibu sentimita mbili. Gramu hizo hizo ukiziweka kwenye maungio, sentimita 73, balansi inafika 48.3. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ni zaidi ya sentimita tatu, na risasi ni zile zile.

Ile fimbo yangu ya gramu 567 ilikuwa na balansi kwenye sentimita 43. Nilipong'oa mpira wa nyuma nikaikuta bolti ya gramu 57, imezama sentimita sita. Kwa hesabu, bila bolti ningebaki na gramu 510 na balansi 47. Niliifungua kwa bisibisi ndefu, nikapima: ikawa hivyo. Sasa angalia jambo la ajabu: kwa mshiko wangu wa sentimita 30, mkono wa mbele ulikuwa unabeba gramu 80, na baada ya kupunguza aunsi mbili ukabeba gramu 95. Fimbo ilipungua uzito, mbele ikaongezeka. Nimeichezea hivyo hivyo hadi leo, aunsi 18, mimi niliyeapa kwamba chini ya 20 sigusi.

Hatua ya tano: mbao

Hapa ndipo fimbo ya kutengenezewa inapoizidi ya dukani, na ndipo mtu wa Kigoma ana la kusema, kwa sababu mninga tunaujua kuanzia vitanda vya wazazi wetu.

Kitako cha kawaida, sentimita 74, unene milimita 21 mbele na 31 nyuma, kina ujazo wa karibu sentimita za ujazo 400. Mninga mkavu una gramu 0.6 na kitu kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo kitako kizima cha mninga ni gramu 250 tu. Ongeza shafti ya gramu 110 na vyuma vya gramu 50, unapata 410. Hizo ni aunsi 14 na nusu: nyepesi mno, na balansi iko mbali mbele, kwenye sentimita 55 hivi. Maple, mti wa Amerika Kaskazini unaotumika kwenye fimbo nyingi za pool, ni mzito kidogo kuliko mninga, una 0.7 hivi, lakini shida ni ile ile. Ndiyo sababu viwanda vinatia bolti nyuma. Si kila bolti ni uzembe.

Mpingo ni kinyume chake. Una gramu 1.2 hadi 1.3, ukiutupa ziwani unazama. Kitako cha mpingo mtupu kinafika gramu 500 kabla hujaweka chochote, na fimbo nzima inapita aunsi 23. Inapendeza ukutani.

Kwa hiyo changanya. Mninga nusu ya mbele ya kitako na mpingo nusu ya nyuma: kwa hesabu yangu inatoka karibu gramu 557, balansi sentimita 45, bila bolti yoyote. Geuza, mpingo mbele na mninga nyuma, kisha weka bolti ya gramu 57: karibu gramu 567, balansi 50, ya mtu anayependa mbele ilale. Ni fimbo mbili zenye karibu uzito mmoja, na mkononi hazifanani hata kidogo. Mbao hutofautiana gogo kwa gogo, kwa hiyo mwambie fundi apime vipande vyake mwenyewe kabla ya kuvigundisha.

Mninga usiupeleke kwenye shafti. Nyuzi zake si nyoofu kila mara, na shafti inataka nyuzi zilizonyooka kama uzi wa ndoano. Maple kwa mipira mikubwa, mbao ya mti wa ash kwa midogo, na siku hizi kaboni kwa mwenye mfuko. Nunua mninga na mpingo kwa muuza mbao mwenye vibali, na uulize umekauka muda gani. Mbao mbichi itapunguza uzito ikikauka, na itapinda pia.

Hatua ya sita: vyuma na ncha

Maungio ya chuma kisichoshika kutu au ya shaba yanavuta balansi mbele kwa sababu yako katikati ya fimbo. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma. Ukitaka mbele ipungue kidogo bila kugusa mbao, badilisha skrubu ya maungio. Gramu 20 pale zinasogeza balansi karibu sentimita moja.

Ncha ni habari nyingine. Uzito uliopo kwenye sentimita 15 au 20 za mbele kabisa ndio unaoamua mpira mweupe utakengeuka kiasi gani ukipigwa pembeni. Ncha ikiwa nyepesi, mpira unakengeuka kidogo. Kwa hiyo ukitaka balansi mbele, ongeza kwenye maungio, kamwe usiongeze pete nzito ya shaba karibu na tipu. Fimbo za Kiingereza zina pete ya shaba, lakini ni nyembamba na wachezaji wake wameizoea.

Hatua ya saba: andika oda

Simu haitoshi. Andika ujumbe, fundi aubandike karakanani. Wangu wa pili ulikuwa hivi:

"Habari za kazi fundi. Naomba fimbo ya vipande viwili, urefu sm 147, tipu mm 12.5. Uzito gramu 525, usizidi wala kupungua gramu 7. Balansi sm 47.5 kutoka nyuma ikiwa imefungwa na ina mpira wake, usipite sm 1 huku wala huku. Nashika sm 30. Vikigongana, balansi itangulie, uzito ufuate. Bolti ikihitajika isizidi gramu 30, na iweze kutolewa bila kuharibu. Kabla ya kupaka vanishi naomba picha mbili: fimbo ikiwa kwenye mizani, na ikiwa imelala juu ya penseli na futi pembeni."

Sentensi ya "balansi itangulie" ndiyo iliyoniokoa. Fundi asipoambiwa kipi kitangulie, atafuata kile kinachoonekana kwenye mizani. Na picha kabla ya vanishi, maana baada ya hapo kila marekebisho ni ugomvi.

Urefu uutaje hata kama ni wa kawaida. Mrefu wa futi sita na kitu anaweza kuhitaji inchi 59 au 60, na hapo aseme urefu huo uongezwe mbele au nyuma, kwani balansi itabadilika.

Hatua ya nane: ikifika

Usiipeleke kilabuni usiku ule ule. Iache ndani siku mbili tatu ikae na hewa ya ziwa, hasa kama imetoka mahali pakavu. Kisha rudia vipimo vya hatua ya pili, na mizani iwe ile ile. Ifunge, ifungue, ifunge tena, uone kama balansi inarudi mahali pake. Itingishe karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza nyuma, bolti haijakazwa au shimo ni kubwa kuliko bolti.

Cheza wiki mbili kabla ya kubadilisha chochote. Ukiona unapiga mpira chini ya pale ulipolenga na mkono wa mbele unachoka, mbele ni nzito: ongeza gramu 14 nyuma. Ukiona tipu inanyanyuka unapovuta fimbo nyuma, mkia umezidi: punguza bolti, usiongeze mbele. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, nusu aunsi kila mara, na uandike tarehe.

Bolti zilizotolewa usizitupe. Zangu ziko kwenye kopo la chaki pamoja na zile risasi za wavu, na kila mwezi kuna kijana anakuja kuziazima.